Pasipoti Iliyobaki kwa Wakala: Kisa cha Walimu wa Ufilipino Walioajiriwa Louisiana

Kimbunga Katrina kiliipiga Louisiana Agosti 2005. Miaka miwili baadaye shule za umma za jimbo hilo la Marekani zilikuwa bado zinawatafuta kwa tochi walimu wa hesabu, sayansi na elimu maalumu. Wilaya kadhaa za elimu, East Baton Rouge ikiwemo, zikageukia Ufilipino. Kuanzia 2007 walimu zaidi ya 350 walivuka bahari kwa viza ya kazi ya H-1B, wakipitia kampuni ya uwakala ya Los Angeles iitwayo Universal Placement International na kampuni dada yake iliyokuwa Ufilipino.

Walikuwa watu wazima wenye shahada, waliokwisha kufundisha kwao. Kazi waliyoahidiwa ilikuwepo kweli. Shule zilikuwepo, mshahara ulilipwa, na viza zilikuwa halali. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hiyo hasa. Tukisikia habari ya pasipoti kuzuiliwa, mawazo yetu hukimbilia kwa dada wa kazi za ndani huko Ghuba, au kwa kijana aliyeahidiwa kazi hotelini akajikuta kwenye kazi nyingine kabisa. Mwalimu husoma habari hizo akasikitika, kisha akafunga simu. Yeye ana mkataba, ana barua yenye nembo ya shule, anakwenda kwa utaratibu. Walimu wa Louisiana nao walikuwa na vyote hivyo.

Tuanze na pesa, maana bila pesa suala la pasipoti halieleweki.

Ada zilidaiwa kwa mafungu. La kwanza, kama dola 5,000, lililipwa mapema kwa ajili ya usaili na maombi ya viza, na halikuwa la kurudishwa hata mambo yakiharibika. Fungu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilidaiwa wakati mwalimu ameshazama. Kwa jumla wengi wao walilipa karibu dola 16,000, pesa ambayo familia ya kawaida ya Ufilipino wakati ule ingeitafuta kwa miaka kadhaa. Mwalimu hana akiba ya namna hiyo, iwe Manila, Mombasa au Morogoro. Walikopa. Wakopeshaji waliopatikana walitoza riba ya asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa mwaka. Aliyekopa dola 10,000 kwa asilimia 5 alidaiwa dola 500 za riba kila mwezi kabla hajapunguza hata senti ya deni lenyewe.

Sasa tufike siku viza inapotoka.

Mpaka siku hiyo pasipoti ilikuwa kitambulisho tu. Ubalozi ukishabandika viza ndani yake, kazi yako, deni lako na safari yako vyote vimeingia katika kijitabu kimoja. Anayekishika amekushika. Kwa mujibu wa madai ya walimu katika kesi waliyoifungua baadaye, pasipoti zilizokuwa na viza tayari zilibaki upande wa wakala mpaka fedha zilizosalia zilipwe. Jiweke katika nafasi ya mmoja wao. Umeshaaga shuleni kwako, na nafasi yako ameshapewa mwingine. Dola 5,000 zimekwenda na hazirudi. Shule za Louisiana hufunguliwa Agosti, na kalenda haikusubiri. Unafika ofisini kwa wakala, unaketi kwenye kiti cha plastiki, unaambiwa kwa sauti ya upole kabisa kwamba faili lako halijakamilika. Hakuna aliyekupigia kelele wala kukufungia mlango. Unatoka pale unamtafuta mkopeshaji.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Pasipoti hizi hazikunyang'anywa ugenini na mkuu wa shule katili. Zilikwama nyumbani, kwenye mji ambao mwalimu anaujua, katika siku chache ambazo kila msafiri hulazimika kuiachia pasipoti yake. Ushauri wetu wa kawaida, ule wa "ukifika kule usimpe bosi pasipoti yako", huwa unamfikia mtu amechelewa.

Wala haikuwa kwamba sheria ilikosekana. Sheria ya Kazi ya Ufilipino ya 1974, katika kifungu cha 34, inamkataza wakala kuzuia hati za kusafiria za mwombaji kazi kabla ya kuondoka kwa sababu ya fedha zisizoruhusiwa na sheria. Ni kama aliyeiandika alikuwa ameketi kwenye ofisi ile ile miaka 33 kabla. Sheria ya 1995 ya Wafilipino wafanyao kazi ng'ambo ikaliweka kosa hilo ndani ya orodha ya uajiri haramu. Kanuni za huko ziliweka pia ukomo wa ada ya kumtafutia mtu kazi: mshahara wa mwezi mmoja. Upande wa Marekani nako kulikuwa na sheria ya mwaka 2000 dhidi ya biashara haramu ya binadamu, ambayo inamtishia kifungo cha hadi miaka 5 anayeficha au kuzuia pasipoti ya mtu katika kumlazimisha kufanya kazi. Nchi mbili, sheria zote hizo, na bado mwalimu alikwenda kukopa. Aliyesimama kaunta akisubiri pasipoti hana wiki mbili za kufungua malalamiko. Wakala analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kisha ukaja mkataba mwingine, wa kumkatia wakala asilimia 10 ya mshahara wa mwaka wa pili. Waliosita walitishiwa kurudishwa nyumbani na kupoteza yote waliyokwisha kulipa. Tazama mpangilio: hati zilitangulia, saini ikafuata. Kwa maoni yangu ile asilimia 10 isingepatikana kirahisi kwa watu ambao hawakuwa wameonja kwanza kukaa bila pasipoti zao. Mwalimu alishajifunza nani anaamua kama anaondoka au anabaki.

Na mwajiri je? Bodi ya shule ya East Baton Rouge ilishtakiwa pamoja na wakala. Hoja ya walimu ilikuwa kwamba bodi ilinufaika na mpango mzima. Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, haikuitia bodi hatiani. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuupinga, lakini kwa mwalimu wa kigeni ujumbe wake uko wazi: mwenye jina kwenye barua ya ajira na mwenye droo iliyofungiwa pasipoti yako wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na wa kwanza akasema, bila kuzomewa na mahakama, kwamba ya wa pili hayamhusu. Kwa hiyo usimuulize mwajiri tu kama anashika hati za walimu. Muulize pia nani anamfanyia kazi hiyo, kwa mkataba gani, na nani anamlipa.

Kuhusu malipo ya viza, kisa cha Maryland kinastahili kutajwa kwa pembeni. Mwaka 2011 wilaya ya shule ya Prince George's ilibanwa na Wizara ya Kazi ya Marekani kwa kuwaachia walimu zaidi ya 1,000 wa kigeni gharama za H-1B ambazo kisheria zilikuwa za mwajiri, ikaagizwa kuwarudishia zaidi ya dola milioni 4. 

Turudi Louisiana, ambako mambo hayakwenda haraka. Vyama vya walimu vilipeleka malalamiko kwenye tume ya kazi ya jimbo, na mwaka 2010 wakala akaamriwa arudishe ada za karibu dola milioni 1.8 kwa kuwa alifanya biashara bila leseni ya jimbo. Agosti mwaka huo huo, shirikisho la walimu la AFT, kituo cha sheria cha Southern Poverty Law Center na kampuni ya mawakili ya Covington & Burling wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California. Desemba 2011 mahakama ikakubali iendeshwe kama kesi ya pamoja. Tarehe 17 Desemba 2012 juri ikamtaka wakala na mwenye kampuni walipe dola milioni 4.5. Ukizigawa kwa watu 350 unapata kama dola 12,800 kila mmoja, yaani pungufu ya zile 16,000 walizotoa, bila kuhesabu riba ya miaka mitano. Na hukumu ya kulipwa, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kudai, si sawa na kulipwa.

Kesi ya pamoja husimama pale watu wengi wanapoumizwa kwa namna moja, na hilo huonyeshwa kwa karatasi: mikataba inayofanana, ada zinazofanana, tarehe zinazofuatana. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya nakala. Mwalimu anayepiga picha kila ukurasa kabla ya kusaini, akamtumia dada yake nyumbani, anatengeneza ushahidi ambao hakuna wakala anayeweza kuufungia.

Tukitoka Louisiana, wasomaji wengi wa Kiswahili wanaokwenda kufundisha nje wanakwenda kwingine: Muscat, Doha, Dubai, Riyadh, au miji ya China. Kila mahali utaambiwa hati zinahitajika "kwa ajili ya taratibu", na si kila anayekuambia hivyo ni mwizi. Swali la kuuliza ni taratibu ipi, na inachukua siku ngapi.

Marekani, kwa mfano, mwajiri lazima aone hati halisi ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze, kwa ajili ya fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba una ruhusa ya kufanya kazi. Kwa kawaida anaziangalia ukiwa mbele yake, anatoa nakala akitaka, anakurudishia. Ni shughuli ya dakika chache. Hakuna fomu inayomtaka akae na pasipoti yako mpaka Ijumaa.

China hali ni tofauti kidogo. Ukiingia kwa viza ya kazi una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na pasipoti hubaki polisi, kitengo cha uhamiaji, maombi yakishughulikiwa. Unapewa stakabadhi inayotumika badala yake. Stakabadhi hiyo ni yako, idai. Hapo hapo sheria ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti au kibali chake, na Sheria ya Mikataba ya Kazi, kifungu cha 9, inamkataza mwajiri kuzuia kitambulisho au hati nyingine za mfanyakazi. Shule ikikuambia itakaa na pasipoti yako mpaka mwisho wa muhula, inakuambia uvunje sheria moja huku yenyewe ikivunja nyingine.

Ghuba ndiko kwenye ujanja mwingi zaidi. Falme za Kiarabu ziliacha kubandika viza za ukaazi ndani ya pasipoti mwaka 2022, sasa kitambulisho cha Emirates ndicho kinachotumika, na sheria ya kazi iliyoanza Februari mwaka huo inakataza mwajiri kuzuia hati rasmi za mfanyakazi. Kisingizio cha "tunasubiri igongwe" kimepungua nguvu sana. Qatar, kwa sheria namba 21 ya 2015, inamtaka mwajiri airudishe pasipoti taratibu za ukaazi zikiisha, na faini inafika riali 25,000. Ila sheria hiyo ina mlango: mfanyakazi mwenyewe akiomba kwa maandishi, mwajiri anaweza kumtunzia. Oman nako, sheria ya kazi ya 2023 inamkataza mwajiri kushika pasipoti na hati binafsi za mfanyakazi isipokuwa kwa idhini ya maandishi.

Huo mlango ndio wa kuuangalia. Siku ya kwanza kazini mwalimu huwekewa rundo la karatasi: fomu ya benki, ya bima, ya nyumba, kanuni za mavazi, ratiba. Katikati ya rundo kuna karatasi moja yenye mistari mitatu inayosema umeomba, kwa hiari yako, shule ikutunzie pasipoti. Umechoka na safari, afisa wa rasilimali watu ni mkarimu, amekuletea kahawa na tende. Unasaini. Kuanzia hapo ukilalamika wizarani utaonyeshwa saini yako. Karatasi hiyo usiisaini, na usione aibu kusema: "Nashukuru sana, lakini hii nitakaa nayo mwenyewe." Kama hoja yao kweli ni usalama, omba kabati lenye kufuli ambalo ufunguo unakaa kwako. Watakaokasirika kwa ombi hilo wamekurahisishia kujua uko wapi.

Kwa nyakati ambazo lazima uiachie, iachie kwa maandishi. Barua haihitaji mwanasheria:

"Mimi, afisa wa shule, nimepokea leo tarehe fulani pasipoti namba fulani ya Mwalimu fulani, kwa ajili ya kuombea kibali cha ukaazi tu. Nitaikabidhi mkononi mwake kabla ya tarehe fulani."

Jina, cheo, saini, muhuri kama upo. Kiini cha karatasi hii ni neno "tu" pamoja na tarehe ya mwisho. Wakikataa kusaini, andika hayo hayo kwenye WhatsApp siku ile ile: "Madam, kama tulivyoongea leo asubuhi, nimekuachia pasipoti yangu kwa ajili ya kibali, nitaifuata Jumatano." Akijibu "sawa, mwalimu", umepata stakabadhi yako.

Na nyumbani, ambako kisa cha Louisiana kilianzia, funga pengo la ubalozi. Fomu ikikuuliza pasipoti irudishwe wapi, weka anwani yako mwenyewe au kituo utakachokwenda na kitambulisho chako. Wakala atakuambia ni rahisi zaidi ikienda ofisini kwake. Rahisi kwa nani?

Vyeti vya elimu vina tatizo lake, na watu hawalizungumzi vya kutosha. Pasipoti ikipotea, ubalozi wako unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Cheti halisi cha kidato cha nne cha NECTA au KNEC hakina ubalozi. Kukipata kingine ni ripoti ya polisi, maombi, ada na subira, na pengine uko maelfu ya kilomita kutoka kaunta hiyo. Nchi nyingi za Ghuba hutaka shahada iliyothibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha na ubalozi wao, na mihuri mingine hugongwa kwenye cheti chenyewe. Wakala hujitolea "kukukimbizia mihuri" na kukusanya mafaili ya walimu kumi kwa mpigo. Mihuri ikiisha, vyeti havirudi. Vinasafirishwa moja kwa moja hadi shuleni, na shule inavifungia. Mwaka wa pili ukipata kazi nzuri zaidi mtaa wa pili, shahada yako iko kwenye kabati la mtu usiyetaka kumwambia unaondoka.

Mihuri ikimbize mwenyewe, au umpe ndugu yako. Kisha chukua hatua moja ambayo wengi wanaiona gharama ya bure: tengeneza nakala kadhaa zilizothibitishwa na wakili kabla ya kusafiri, na pale shule au wizara inapokubali nakala hizo, usitoe kingine. Shule ikisisitiza kuona cheti halisi, kionyeshe, waskani mbele yako, uondoke nacho. Transkripti mara nyingi inaweza kutumwa na chuo chenyewe moja kwa moja, na shule nyingi makini hupendelea hivyo kwa kuwa nazo zinaogopa vyeti bandia. Cheti cha usajili wa ualimu kutoka TSC, tume ya walimu, nacho usikiache mikononi mwa mtu.

Aliyekwisha kunaswa afanyeje? Aanze kwa kuomba hati yake kwa maandishi, kwa adabu, na kutaja tarehe. Ombi hilo hata likipuuzwa linabadilisha hali: kabla yake shule ilikuwa "inatunza", baada yake inazuia. Kisha wizara ya kazi ya nchi uliyopo, na ubalozi wa nchi yako, ambao una sauti ya ziada hapa, kwa sababu pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si ya shule wala ya kwako. Walioko Marekani kwa viza za H (za kazi za muda) au J (za mipango ya kubadilishana) walipaswa kupewa na ubalozi kijitabu cha haki zao, utaratibu uliowekwa na sheria ya 2008. Kina namba ya simu ya msaada, 1-888-373-7888, na kinasema wazi kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kukunyima pasipoti yako.

Kosa moja linawarudisha wengi nyuma, nalo huja kama ushauri wa rafiki: kwenda polisi au ubalozini kusema pasipoti imepotea, ili upewe nyingine haraka. Usifanye hivyo. Pasipoti iliyoripotiwa kupotea hufutwa, na viza iliyokuwa ndani yake inaweza kufutwa nayo, kwa hiyo unapewa kijitabu kipya kisicho na ruhusa ya kuwa pale ulipo. Zaidi ya hapo, mwajiri akiitoa ile ya zamani mezani, wewe ndiye uliyetoa taarifa ya uongo. Sema imezuiliwa, taja na nani, tangu lini, na weka mezani ile barua ya kuiomba pamoja na ujumbe wa WhatsApp.